Ndege ya Rimoti Inayoinua Pua na Kuanguka

Swali: Mhariri, ndege yangu ya rimoti, ya povu gumu na mabawa yaliyonyooka, kila nikiirusha huinua pua, hupoteza kasi na kuanguka. Mota ina nguvu. Kasoro ni nini?

Jibu: Mara nyingi mkia ndio mzito mno. Weka betri mahali pake, kisha pima upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Ukiwa sentimita 20, tia alama chini ya kila bawa, sentimita 5 hadi 6 kutoka mbele. Inyanyue hapo kwa ncha za vidole: pua iiname kidogo tu. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele kabla hujafikiria kuongeza vyuma.

Irushe ikielekea upepo, pua ikiwa sawa, si juu. Kasi ikipungua, sukuma kijiti cha rimoti mbele. Kuvuta, ambako wanaoanza hukimbilia, ndiko kunakoiangusha.

Na tafadhali sana, washa rimoti kwanza ndipo uunge betri ya ndege. Ukimaliza, chomoa betri kabla ya kuzima rimoti. Propela ikizunguka ghafla hukata vidole, kwa hiyo ivue kila unapofanya majaribio mezani.