Mwaka mmoja wa kufundisha Mbeya: mambo ambayo Kiswahili changu hakikuniambia

Dalali aliponitajia kodi ya nyumba ya vyumba viwili kule Uyole, pembezoni mwa mji wa Mbeya, laki moja na nusu kwa mwezi, niliona nimepata. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mwenye nyumba anapokea ya miezi sita kwa mkupuo, na yeye mwenyewe atachukua ya mwezi mmoja kwa kazi ya kunitafutia. Mombasa nilizoea kulipa mwezi kwa mwezi. Mfukoni nilikuwa na ya miezi miwili tu. Nikalala wiki tatu kwa mwalimu mwenzangu, mama wa watoto wanne aliyenipisha chumba bila kunihesabia siku, hadi nyumbani walipoweza kunitumia pesa.

Hakuna aliyenificha habari hiyo. Sikuuliza. Anayekwenda kufundisha Oman au China huuliza kila kitu, kwa sababu anajua anakwenda ugenini. Mimi nilivuka mpaka wa Lunga Lunga nikaingia Tanzania kwa Horohoro, na kila mtu akawa anazungumza lugha niliyonyonya kwa mama yangu, nikajiona sijatoka nyumbani. Kama wewe ni mwalimu wa Kenya na umeitwa Nyanda za Juu Kusini, nakuomba uje kama mgeni. Uliza kodi inalipwaje, uliza umeme, uliza mshahara unaingia tarehe ngapi.

Na kabla ya yote uliza vibali. Pasipoti yako itakuvusha mpaka bila viza, lakini kuvuka si ruhusa ya kufanya kazi. Unahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, ambacho kwa mwajiriwa ni cha daraja B, na mwajiri ndiye anayepaswa kukushughulikia. Shule iliyoniajiri ilinihimiza nije kwanza, karatasi zingefuata. Zilichelewa, sikuweza kuingia darasani, na mshahara nao haukuanza. Bado naumia nikikumbuka wiki zile. Wewe kaa kwenu mpaka uone nakala ya vibali kwa macho yako. Ukianza safari, beba vyeti halisi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Baridi nilisimuliwa, sikuamini. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwetu watu wa pwani hizo ni namba tu mpaka Juni ifike. Huku hakuna masika na vuli. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi karibu Mei. Ikikatika, baridi inashuka, na asubuhi za Juni na Julai vidole havitaki kushika chaki. Usinunue koti Mombasa. Nenda soko la Mwanjelwa mwezi wa tano, kwenye mitumba, kabla wenzako hawajachagua, ununue sweta mbili nzito na blanketi. Ukiona watu wanaota moto kwenye jiko la mkaa, ota nao, lakini usilale nalo ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu inaua mtu usingizini.

Sasa lugha. Siku ya pili nilisimama dukani nikasema, "Nipe sukari nusu." Muuzaji akanipimia bila kunitazama. Kwetu hayo ni maneno ya kawaida, hayana ukali wowote. Jirani yangu aliyekuwa nyuma yangu akanisindikiza njiani, akaniambia, "Madamu, huku tunaomba." Tangu siku hiyo nikaanza na salamu: shikamoo kwa aliyenizidi, habari za tangu asubuhi kwa wa rika langu, ndipo "naomba sukari nusu kilo." Wiki haikuisha, mama yule wa duka akawa ananiwekea mayai. Stima ni umeme, shule ya upili ni sekondari. Karo ya shule huitwa ada. Nilipotamka "karo" mbele ya wazazi, baba mmoja alidhani nazungumzia mahali pa kuoshea vyombo. Na ukijua kumwambia mzee wa Kinyakyusa "ndaga fijo", yaani asante sana, anapokusaidia, atakuuliza kwenu ni wapi, na mtazungumza.

Darasani ndiko nilikojifunza zaidi. Nilipewa Kiingereza kidato cha kwanza. Wengi wao walitoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, Kiingereza wamekisoma kama somo moja miongoni mwa mengine, halafu Januari wanaingia sekondari ambako fizikia, biolojia na jiografia zote ni Kiingereza. Nikiuliza swali, kimya. Mwezi mzima nilidhani hawajasoma. Siku moja, kwa kuchoka, nikasema: haya, zungumzeni wawili wawili kwa Kiswahili, dakika tano, kisha mniambie kwa Kiingereza. Darasa likachemka. Msichana aliyekuwa hajafungua kinywa tangu afike akasimama akanipa sentensi mbili, mbovu kwa sarufi na sahihi kabisa kwa maana. Walichokosa ni muda wa kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Hilo nimelirudisha Mombasa na ninalitumia hadi leo.

Nje ya darasa, jiandae kwa michango. Mwalimu anaoa, kuna mchango; mwenzenu amefiwa, kuna rambirambi, na shule nzima inapanda Kosta kwenda msibani. Usitume pesa tu ukabaki nyumbani. Beba kitenge chako, kaa na akina mama, menya ndizi. Sikuzoeana na walimu wenzangu ofisini, tulizoeana kwenye sufuria za msiba wa Rungwe.

Kuhusu safari: kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima ndani ya basi. Panda la alfajiri, ili Mikumi na kona za mlima Kitonga uzipite kukiwa na mwanga. Lakini safari ninazokusihi uzifanye ni zile fupi zinazoanzia Uyole, barabara ya Tukuyu inapochepuka. Jumamosi moja nilitoka na sweta. Tukuyu mvua inanyesha, migomba na chai pande zote, naitaka sweta. Barabara inateremka, Kyela joto, nimeivua. Jioni niko Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone imesimama hapo hapo juu ya maji, na miguu yangu iko kwenye mchanga kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. Maji hayana chumvi, lakini sauti ya mawimbi ni ile ile. Nililia, na sioni haya kulisema. Mtu wa pwani akikaa juu milimani muda mrefu, apange kushuka Matema kabla upweke haujamzidi. Chukua chandarua: Mbeya mjini mbu ni wachache, unasahau, na huko chini malaria ipo.

Kitulo nako nenda, uwanda wa maua uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Maua huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, na ndipo barabara nayo inapokuwa tope, basi tafuta gari imara mchangishane.

Ukifurahia safari, kumbuka miezi sita ya kodi inaisha. Mimi nilianza kuweka kidogo kidogo tangu Machi, na Julai nililipa ya pili bila kumsumbua mtu.

Matema nilinunua chungu cha Wakisi, kabila ambalo wanawake wake hufinyanga ng'ambo kidogo ya ufukwe na kuvileta vyungu vyao kwa mtumbwi. Desemba nilipofunga mizigo nilikiviringisha ndani ya blanketi la Mwanjelwa, nikakipakata hadi Horohoro. Afisa wa forodha akaniomba nifungue. Akakigonga kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Kizima hiki, mwalimu. Kifunge vizuri."