LINC ilianzia maabara
Ndugu, umeuliza kama kompyuta ya mtu mmoja ilianzia ofisini. Hapana, mimi naanzia na LINC, kompyuta ndogo ya maabara ya Marekani, 1962, kazi ya Wesley Clark na Charles Molnar pale chuo cha teknolojia cha MIT, iliyokusudiwa watafiti wa tiba na biolojia. Mezani kulikaa kioo, kibodi, tepu ndogo za sumaku na vitufe vya kuzungusha. Kabati la saketi, kubwa kama friji, liliwekwa pembeni. Uzuri wake ulikuwa huu: unaingiza mawimbi ya umeme wa neva, unazungusha kitufe, mchoro unabadilika palepale machoni pako. Hakuna kupanga foleni kusubiri mashine kubwa! Mwaka 1965 Mary Allen Wilkes aliiandikia programu nyumbani kwa wazazi wake, Baltimore.