Kadi safi kwenye kompyuta, ukungu kwenye simu

SWALI: Natengeneza kadi za mialiko ya harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) hapa Jinja. Ninatumia ukubwa wa A4, nukta 300 kwa inchi. Kwenye kompyuta kadi ni safi kabisa, ila nikiituma kwa WhatsApp wageni hawasomi namba ya simu wala jina la ukumbi. Je, nipandishe nukta hadi 600?
Msomaji, Jinja

JIBU: Usipandishe, ndugu. Faili litakuwa zito na herufi zitabaki vilevile. Nukta kwa inchi ni agizo kwa mashine ya kuchapa; simu huangalia idadi ya pikseli tu, yaani vitone vya rangi vinavyounda picha.

A4 yako ina pikseli 2480 kwa 3508. Skrini za simu nyingi zina upana wa pikseli 720 au 1080, hivyo picha lazima ipunguzwe. WhatsApp nayo huipunguza na kuibana kabla haijafika. JPEG, muundo wa faili la picha lililobanwa, hufanya kazi kwa miraba ya pikseli 8 kwa 8, na herufi nyembamba iliyobanwa sana huzungukwa na madoadoa.

Lakini kinachokuumiza zaidi ni upana. Karatasi ya A4 ina sentimita 21, skrini ya simu karibu 7. Kila kitu kinabaki theluthi: herufi ya pointi 12 inasomeka kama ya pointi 4. Hapo hakuna idadi ya pikseli itakayokuokoa.

Tengeneza faili la pili, la simu peke yake: pikseli 1080 kwa 1350, au 1080 kwa 1920 kama ni la stetasi. Kwenye stetasi acha kama pikseli 250 juu na chini bila maandishi, maana jina lako na sehemu ya kujibu hukaa hapo. Herufi ndogo kabisa zisipungue pikseli 40. Namba ya simu ipe 60 na uinenepeshe. Maneno hayatoshi? Punguza maneno, si herufi. Orodha ndefu ya wanakamati ibaki kwenye kadi ya karatasi.

Rangi ziwe RGB, mfumo wa rangi za skrini. Faili la CMYK, mfumo wa rangi za kuchapa, hubadilika rangi kwenye baadhi ya simu. Kadi yenye picha ya maharusi ihifadhi kama JPEG, ubora 80 hivi. Picha yao ikiwa na upana wa pikseli 300, kuinyoosha hakuongezi ukali. Omba ile ya asili.

Ukituma, chagua HD, yaani ubora wa juu. Kutuma kama hati hakubani chochote, ila wengi hawafungui hati. Kwanza jaribu kwenye simu ya bei ndogo, bila kuikuza picha kwa vidole.

Ile A4 itunze kwa wachapaji wa Nasser Road, Kampala. Faili la simu likichapwa kwa upana wa A4 linabaki na nukta 130 tu kwa inchi, na karatasi haitaficha hilo.