Maswali ya Wasomaji: Laki tano na chumba cha mabati, ninunue maiki gani?

SWALI: Salaam nyingi. Ninaimba na kupiga adungu (kinubi cha kienyeji) hapa Arua, Uganda. Nina laptop na shilingi 500,000. Chumba ni cha mabati, jirani na stendi ya bodaboda. Dukani wananishauri maiki ya kondensa, BM-800, ya kuchomeka moja kwa moja kwenye laptop. Wanasema ndiyo ya studio. Nichukue?

JIBU: Iache, ndugu. Kondensa ya studio ni maiki inayohitaji kulishwa umeme: hudai volti 48 kupitia kebo ya XLR (ya pini tatu). Tundu la laptop hutoa volti chache tu, kwa hiyo sauti hutoka nyembamba, nyuma yake kuna mlio wa shaa kama redio isiyoshika stesheni. Isitoshe, laptop nyingi za sasa zina tundu moja la hedifoni na maiki kwa pamoja, na pini hiyo huenda isitambuliwe kabisa.

Anza na intafesi ndogo ya USB (kisanduku cha kuunganisha maiki na laptop), mfano Behringer UM2, yenye tundu la XLR na swichi ya volti 48. Kisha maiki ya dainamiki, isiyohitaji volti hizo, ya bei nafuu kama Behringer XM8500. Kinachobaki ni cha kebo ya XLR ya mita 3 na stendi, maana maiki ya mkononi hurekodi hata vidole. Shure SM58 ni bora zaidi, ila za bandia ni nyingi. Halisi ina gramu 298 hivi, omba mizani. Yenye swichi ya kuwasha huitwa SM58S, basi ukiona swichi na boksi limeandikwa SM58 tupu, mrudishie mwenye duka.

Wengi husema dainamiki haisikii kelele za jirani. Inasikia. Siri ni umbali. Kila ukiongeza umbali wa mdomo na maiki mara mbili, sauti yako hupungua desibeli 6 hivi, lakini bodaboda wa nje habadiliki. Kondensa huimbiwa kwa sentimita 20, dainamiki kwa 5: hapo tayari umeizidi kelele kwa desibeli 12 bila kununua kitu. Ukikaribia hivyo besi itavimba na herufi P na B zitapiga kishindo, kwa hiyo imba pembeni kidogo ya maiki, au vuta soksi ya nailoni juu ya pete ya waya na uiweke mbele yake.

Maiki hizi husikia mbele na kuziba nyuma, basi mgongo wa maiki uelekee dirishani. Godoro lisimame nyuma yako wewe mwimbaji, kwa sababu huko ndiko maiki inakotazama. (Trei za mayai ukutani? Pambo tu, besi hupita kama hazipo.) Mvua ikipiga mabati, zima ulale.

Adungu ndilo litakalokusumbua. Sauti yake ni ndogo, na dainamiki itakulazimisha kupandisha geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) hadi shaa ianze kusikika. Lirekodi peke yake alfajiri, maiki sentimita 15 kutoka kwenye boksi la adungu, bila kuielekeza kwenye tundu lake moja kwa moja, maana hapo hutoka mvumo mtupu. Kwenye programu ya kurekodi, vilele vya sauti (pale inapopanda zaidi) viishie kati ya desibeli -12 na -6. Ukipata pesa nyingine, nunua kondensa kwa ajili ya adungu hilo. Intafesi ya kuilisha tayari unayo.

SWALI: Maiki yangu mpya inanguruma chini kwa chini hata nikinyamaza. Ni mbovu? (Kisenyi, Kampala)

JIBU: Pengine ni nzima. Chomoa chaja ya laptop, rekodi kwa betri. Mngurumo ukikata, ulitoka kwenye umeme, ambao hapa ni wa hezi 50. Usipokata, tazama kebo: yenye XLR upande mmoja na pini ya gitaa upande wa pili hudaka mngurumo, hivyo tafuta ya XLR pande zote mbili. Isilale sambamba na ekstensheni ya umeme. Ikilazimu kukutana, zipishane kama msalaba.