Soya mbichi iliniulia watoto sita wa nguruwe

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa mfugaji mmoja wa Chanika: "Dada, nimeachisha watoto kumi na mmoja wiki iliyopita. Dagaa wamepanda bei nikawawekea soya. Leo wawili wamekufa, wengine wanaharisha. Nifanyeje?" Niliusoma nikiwa bandani kwangu Kibamba, tochi mkononi, na miguu ikaniishia nguvu. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwaka 2021, neno kwa neno.

Mwaka ule nilikuwa na majike wawili na ndoto kubwa, kama wewe unayesoma hapa. Dagaa wa Mwanza walikuwa wamenichosha. Bei inapanda, na gunia ukilifungua unakuta mchanga. Siku moja nilichekecha dagaa wangu nikatoa mchanga wa kujaza ndoo ndogo. Fedha ya protini nimelipia mchanga! Ndipo kwenye kundi letu la wafugaji la WhatsApp bwana mmoja akaleta fomula yake: toa dagaa wote, weka soya, kilo kwa kilo. Soya ina protini karibu asilimia 38, kwa nini uendelee kutajirisha wauza dagaa? Nikaona mwanga. Nikanunua soya Tandale, nikapitisha mashineni vilevile ilivyo, mbichi, nikachanganya na pumba.

Watoto walikuwa 14, nimewaachisha siku ya 35. Siku ya nne wakaanza kuharisha. Nilichoma sindano, nikabadilisha maji, nikafagia banda mara tatu kwa siku. Ndani ya wiki moja nilizika sita. Nakumbuka yule wa mwisho, jike mdogo mwenye doa sikioni ambaye nilishamwekea alama ya kuwa mzazi. Nilipouliza kundini, yule bwana alisema uchafu wangu ndio ulioua, kisha nikatolewa kwenye kundi. Sikupata hata "pole". Miaka imepita, na bado nikiona namba yake kwenye simu ya mtu koo linakauka.

Daktari wa mifugo aliyekuja hakuniuliza habari za uchafu. Alichota chakula, akakitafuna, akaniuliza, "Mama, hii soya umeipika?"

Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani vinazuia kile kimeng'enya kinachovunja protini tumboni. Nguruwe aliyekwisha kukua kiasi atapunguza tu kasi ya kukua. Mtoto aliyetoka kwenye ziwa juzi hana pa kujitetea. Tumbo lake linajua maziwa, asidi yake bado ndogo, vimeng'enya vya kuvunja protini ya mimea bado havijakomaa. Protini isiyovunjwa inateremka hadi utumbo mpana, inachacha, bakteria wabaya wanapata karamu, na mharo unaanza. Ndiyo maana hesabu ya asilimia kwenye karatasi ilinidanganya. Cha kuuliza ni kiasi gani tumbo la mtoto linaweza kukitumia.

Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa ya madeni. Nifike kwa sasa. Jumamosi iliyopita niliuza watoto kumi wa wiki tisa, wote wa mzao mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeharisha tangu kuachishwa. Mnunuzi aliniuliza nawapa dagaa gani. Dagaa ni kilo 5 tu kwenye kila kilo 100 za chakula changu! Mahindi ya kusaga kilo 55, pumba laini 9, soya iliyopikwa 22, funza wakavu 6, na kilo 3 zilizobaki ni madini, vitamini na chumvi. Kwa hesabu yangu protini inafika kama asilimia 19, na kwa mtoto huyu sitaki izidi hapo, maana ya ziada ndiyo inayokwenda kuchacha.

Funza ni wale wa nzi askari mweusi, ambao wengi tunawaita BSF. Nanunua kwa kijana anayewafuga kwa mabaki ya matunda ya soko la Mabibo. Wakikaushwa wana protini karibu asilimia 40, lakini mafuta pia ni mengi, kwa hiyo usijaze. Watu wa dini na majirani watasema. Waache waseme.

Soya nailoweka usiku, asubuhi naichemsha nusu saa tangu maji yaanze kutokota, naianika mpaka ikauke kabisa ndipo nasaga. Ukipenda kukaanga, kaanga, ila ikiungua unaharibu laisini, kiungo cha protini ambacho nguruwe anakihitaji ili akue, na laisini ndiyo mahindi yanayokosa. Mashudu ya alizeti yana makapi mengi na laisini kidogo. Wangu wanayaonja wakishafika kilo 30. Mashudu ya pamba usimpe mtoto kabisa, yana gosipoli, ni sumu.

Na badilisha taratibu. Mimi huanza kuwaonjesha chakula kipya wakiwa bado wananyonya, wiki mbili kabla, ngumi moja kwenye sahani. Baada ya kuachisha sibadilishi kitu kwa siku kumi. Taratibu, jamani. Tunapenda mno njia ya mkato, mtu anasoma fomula saa mbili usiku, saa kumi na mbili asubuhi ameshaimwaga kwenye kihori. Mnyama hana mdomo wa kukwambia tumbo linamuuma. Kabla hujampa chakula, uliza kimepikwaje, na aliyekushauri amekilisha watoto wa umri gani, wangapi, na wangapi walibaki.

Mdogo wangu wa Chanika nilimjibu usiku uleule: ondoa chakula chote kihorini, wape maji safi yenye chumvi na sukari kidogo, pigia daktari sasa hivi, kesho uanze na uji mwepesi wa mahindi wenye dagaa wachache waliochekechwa na kusagwa. Jana jioni ameniandikia kwamba wanane wamesimama na wanakula, mmoja bado amelala. Akauliza na hili gunia la soya, kilo 40, alitupe? Nimemwambia alifunge vizuri, mvua isilifikie. Jumapili nitapanda daladala nikamwonyeshe kuichemsha.