Jibu: "was sent" au "has been sent"?
Ndugu, umeuliza uandike "The report was sent" au "The report has been sent" kwenye barua pepe ya bosi. Zote ni Kiingereza safi. Kinachoamua ni kama umetaja wakati.

Ukishaweka jana, saa nne au mwaka, basi ni was/were tu: "The report was sent yesterday." Vivyo hivyo "The Kigamboni Bridge was opened in 2016." Ukiandika "has been opened in 2016", Mwingereza atakunja uso. Hapa ndipo Kiswahili kinapotuponza: sisi husema "ripoti imetumwa jana" na hakuna anayeshtuka, kwa hiyo tunaibeba ile -me- nzima nzima hadi kwenye Kiingereza.

Kama hujataja wakati, na unachotaka bosi ajue ni kwamba ripoti iko tayari kwake, afungue tu asome, andika "has been sent". Sikiliza taarifa za habari: wanaanza na "A man has been arrested", halafu sentensi ya pili, "He was arrested on Monday night".

Mtego mwingine ni "mlango umefungwa". Ukimaanisha hali tu, yaani umeukuta hivyo, sema "The door is closed". Huu ulinisumbua mimi kuliko huo wako.

Na ukiuliza lini, ni "When was it sent?" Hapo has been haiingii kabisa.