Msidharau kiti cha mweka hazina, wadogo zangu

Wadogo zangu mlioajiriwa juzijuzi kwenye ofisi za fedha za umma huku California, najua wengi mmeingia shingo upande, maana kwetu ukisema mweka hazina mtu anamuwaza yule mama wa kikoba mwenye kisanduku na daftari, basi. Hata mimi nilianza hivyo hivyo kwenye mji mmoja mdogo, nikajiona mtu wa kupokea cheki dirishani na kugonga mihuri tu.

Aliyenifungua macho ni Jesse Unruh, mwanasiasa wa California, nilipoanza kumsoma. Alizaliwa Kansas 1922, akakulia kwenye ufukara Texas, Vita ya Pili akawa jeshi la majini, akasoma chuo Los Angeles, uchaguzi wa 1954 akaingia bunge la jimbo la California. 1961 akawa Spika na alikishika hicho kiti kweli kweli mpaka mwanzo wa 1969. Ile sheria ya 1959 inayokataza mfanyabiashara kumbagua mteja kwa rangi au dini inaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Afu mambo yakamgeukia. 1970 kagombea ugavana kapigwa na Ronald Reagan, 1973 kautaka umeya wa Los Angeles kaukosa. 1974 ndo akagombea uweka hazina wa jimbo akaupata, kiti ambacho watu walikiona cha karani, na nataka mtulie hapa kidogo maana kwangu hapa ndo penye somo. Hakukaa kuulilia uspika, aliangalia sheria inampa nini, akakuta mweka hazina ndo anauza hatifungani, yani jimbo likitaka kukopa hela za shule au maji linapitia kwake, ndo anasimamia kuwekeza hela inayosubiri matumizi, na ana kiti kwenye bodi za CalPERS na CalSTRS, mifuko ya pensheni ya watumishi na walimu. 1984 kampuni ya mafuta ya Texaco ikanunua hisa zake yenyewe toka kwa familia tajiri ya Bass kwa bei ya juu kuliko ya soko, ili familia hiyo isije kuinyakua kampuni, wenye hisa wengine hiyo bei hawakuiona, wakiwemo wastaafu wa California ambao mifuko yao ilikuwa na hisa humo. Unruh aliwaka, na 1985 akawa kati ya walioanzisha Council of Institutional Investors, yani baraza la wawekezaji wakubwa, ili mifuko ya pensheni iongee kwa sauti moja mbele ya makampuni. Wazo la mbunge hilo, kuhesabu kura na kukusanya watu, kalihamishia kwenye hela.

Ila kuna sehemu msimfuate. Alichangisha hela za kampeni kwa makampuni yale yale yaliyopata kazi ya kuuza hatifungani za jimbo, na mimi hilo silitetei hata kidogo. 1994 ikaja kanuni ya nchi nzima, kampuni ikimchangia kiongozi mwenye uwezo wa kuipa kazi hiyo inafungiwa miaka 2 kufanya biashara na ofisi yake, wanaruhusu kiasi kidogo sana tu. Kwahiyo mtu wa benki akikualika chakula uliza kwanza ofisi yenu inaruhusu nini.

Kosa langu mimi lilikuwa la droo. Alhamisi moja niliziacha cheki zisiende benki mpaka Jumatatu, nikaona siku 4 si kitu, msimamizi wangu akakaa na mimi tukapiga hesabu ya riba iliyopotea na sikuongea tena mchana ule. Kesho yake nikaomba sera ya uwekezaji ya mji, nanyi iombeni wiki hii hii msisubiri semina. Niliisoma kwenye basi narudi nyumbani, kurasa chache tu, nikakuta hela yetu isiyotumika inapelekwa LAIF, mfuko wa pamoja wa serikali za mitaa ulio chini ya mweka hazina wa jimbo, umeanza 1977, Unruh akiwa kwenye kile kiti.